Kreti la Kwanza Kushuka

Saa tisa na nusu usiku, Suwałki, na mashariki kumeshapauka:
Julai kule usiku ni mfupi kama kope.
Ndani ya ghala maziwa yamelala kwenye nyuzi nne,
pakiti bega kwa bega, hazijui zinakokwenda.

Jina lake Kinga. Kwao ni jina tu, halizuii kitu.
Ametoka Warszawa na kompyuta mpakato
na swali la mkurugenzi, mstari mmoja:
kwa nini katika kila pakiti mia tunazopeleka
saba zinarudi zimechacha?

Wiki mbili alikuwa akizipinda barabara.
Aliifuta Sejny, akaiandika tena.
Aliunganisha njia ya nne na ya sita,
akalizungusha lori la Augustów upande wa pili wa ziwa,
zikapungua kilomita thelathini na moja kwa siku,
na dizeli ikapungua, kweli,
mhasibu Bogna akacheka mpaka jino la dhahabu likaonekana.
Lakini saba ikabaki saba. Ijumaa, nane.

Saba kwa mia! Wewe uliyewahi kukamua utanielewa:
huko ni kuamka gizani, na mkia wenye matope usoni,
na vidole visivyokunjuka mpaka saa nne,
kisha ndoo nzima iende kwa nguruwe wa Krasowski,
nguruwe ambao, tuseme haki, hawajawahi kulalamika.

Basi akateremka mwenyewe kwenye jukwaa la kupakilia,
akasimama kumtazama Walenty.
Goti bovu. Chai ya limau ndani ya gudulia la jamu.
Kreti alilisukuma kwa paja, polepole,
kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.
Alipakia kama karatasi ilivyoagiza,
na karatasi iliagiza
kwa alfabeti.

Bakałarzewo, ndani kabisa. Filipów. Jeleniewo.
Przerośl. Rutka. Wiżajny mlangoni.

Kinga akapanda lori pamoja na Gerwazy.
Kituo cha kwanza kilikuwa Jeleniewo.
Gerwazy akafungua milango, akatema mate, akaanza:
akashusha Wiżajny, akashusha Rutka, akashusha Przerośl,
yote chini, juu ya lami iliyoanza kupata moto,
ili afikie makreti manne ya mama mwenye duka.
Baridi ikatoka ndani ya lori kwa miguu yake yenyewe,
ikavuka barabara, ikaishia mashambani.
Kisha akapandisha tena yote.
Dakika ishirini na mbili. Korongo juu ya nguzo aligeuza shingo mara mbili.
Na bado Rutka. Na bado Wiżajny.

Jioni alimkuta Walenty akifunga kamba za viatu.
"Ulijua?"
"Nilijua."
"Hukusema?"
"Nilisema. Mwaka ule paa la ghala lilipoezuliwa.
La kwanza kushuka liwe la mwisho kupanda, niliwaambia.
Wakanipa kalenda."

Alikuwa nayo bado, sandukuni, picha ya ng'ombe kila mwezi.

Usiku uliofuata wakapakia kinyume, watu wawili,
yeye akisoma, Walenty akimsahihisha:
Przerośl isikae juu ya Filipów, bibi, barabara ile ina mashimo.
Wiki ya kwanza, tano. Wiki ya tatu, mbili.
Ripoti ilikuwa na kurasa arobaini
na jina la Walenty kwenye ukurasa wa kwanza;
bodi, nasikia, ilianzia ule wa pili.
Krasowski alipiga simu kwa hasira: nguruwe wake wanalia.

Na siku moja, saa sita mchana, Wiżajny,
Kinga aliinunua pakiti kwa pesa zake
akaiweka shavuni, nje ya duka, juani.
Ilikuwa baridi mpaka inatoka jasho.
Tone likateleza kwenye pembe ya karatasi.
Akalikinga kwa kiganja.